Hoteli inataka vitanda 80, mimi nataka karakana ibaki ya watu sita: nakosea?

SWALI: Nina karakana ya samani Morogoro. Nina mafundi wanne na vijana wawili wa kusaidia, na mimi mwenyewe ndiye ninayepima, kuchora na kuongea na wateja. Tunauza wastani wa shilingi milioni 14 kwa mwezi, wengi ni watu wa majumbani. Sasa kuna kampuni ya hoteli inataka vitanda 80 ndani ya miezi mitatu, 600,000 kila kimoja, advansi asilimia 20, salio siku 60 baada ya kupokea mzigo. Benki iko tayari kunikopesha milioni 40 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, nilipe kwa miezi 24, ninunue mashine na kuongeza mafundi wanne. Kaka yangu anasema biashara isiyokua inakufa. Moyo wangu unataka tubaki hivi hivi. Je, ni woga tu? Na nikibaki mdogo nifanye nini nisije nikadumaa?

JIBU: Fundi, oda hiyo usiichukue kwa masharti hayo. Ukubwa wake siyo tatizo. Inalipa vibaya kuliko vitu vyote unavyotengeneza sasa, na ili uimalize kwa wakati itabidi ujifunge gharama zitakazobaki karakanani baada ya kitanda cha mwisho kupakiwa. Swali lako la pili ndilo zito zaidi, kwa hiyo nitalipatia nafasi kubwa. Karakana inayobaki ndogo bila mpango haisimami pale ilipo. Bei ya mbao inapanda, mashine zinachakaa, fundi bora anaondoka, na baada ya miaka minne unajikuta unafanya kazi ileile kwa pesa pungufu.

Bei za bidhaa nitakazotumia hapa ni za mfano, nimezipanga zilingane na mauzo uliyotaja. Weka zako, lakini fuata njia ileile ya hesabu.

Anza na saa, maana hizo ndizo unazouza. Mafundi wanne kwa siku 26, saa 8 kila siku, ni saa 832 kwa mwezi. Hizo zote hazifiki kwenye kazi. Umeme unakatika, mbao zinapakuliwa, meno ya msumeno yananolewa, gundi inasubiriwa ikauke, fundi anakwenda nyumbani kwa mteja kufunga kitanda na kurudi saa nane. Kwa karakana isiyo na ratiba ya maandishi, ukihesabu asilimia 60 unakuwa mkweli. Hizo ni saa 500 za kuuza kila mwezi.

Sasa angalia gharama ambazo lazima zilipwe hata kama hakuna kitanda kilichouzwa. Mishahara: mafundi wanne kwa 550,000 na vijana wawili kwa 300,000, jumla milioni 2.8. Mchango wako wa mwajiri NSSF asilimia 10, pamoja na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, karibu 300,000. Pango, umeme, matengenezo na usafiri, milioni 1. Mshahara wako wewe, milioni 1. Na tafadhali uandike, kwa sababu wenye karakana wengi huita faida kile ambacho ni mshahara wao tu. Jumla milioni 5.1. Gawanya kwa saa 500: kila saa ya fundi inapaswa kuleta 10,200 baada ya kutoa mbao, gundi, vanishi na vyuma. Chini ya hapo unamlipa mteja achukue samani zako.

Pitia bidhaa moja moja kwa kipimo hicho.

Kitanda cha mninga 5 kwa 6: unauza 850,000, vifaa 490,000, saa 24. Kinabaki 360,000, yaani 15,000 kwa saa.

Makabati ya jikoni: 2,800,000, vifaa 1,580,000, saa 66. Karibu 18,500 kwa saa.

Mlango na fremu yake: 380,000, vifaa 230,000, saa 12. Ni 12,500 kwa saa.

Meza ya chakula na viti sita: 1,500,000, vifaa 780,000, saa 68. Ni 10,600 tu kwa saa. Wengi hushangaa hapa, kwa sababu oda ya milioni moja na nusu inaonekana nono. Viti ndivyo vinavyokula saa: kila kimoja kina viungo vingi, mgongo una mkunjo, na msasa lazima ufike kila pembe.

Kitanda cha hoteli: 600,000, vifaa 420,000, saa 18 kwa kuwa ni rahisi na vyote vinafanana. Kinabaki 180,000. Ni 10,000 kwa saa.

Kwa hiyo kitanda cha hoteli kiko chini hata ya meza na viti, na kiko chini ya mstari wa 10,200. Hapa kuna jambo moja la haki la kusema. Kama saa zako zingekuwa zimelala, mathalani miezi ambayo wateja wa majumbani wamebanwa na ada za shule, kitanda cha 10,000 kwa saa ni bora kuliko fundi kukaa kwenye benchi akiangalia simu. Kazi ya bei ya chini inafaa kujaza nafasi tupu. Haifai kuijengea nyumba, na mkopo wa milioni 40 ni nyumba.

Vitanda 80 kwa saa 18 ni saa 1,440. Kwa saa 500 za mwezi, ni karibu miezi mitatu mizima ya karakana yako bila kugusa kazi nyingine. Ndiyo maana unahitaji mafundi wanne zaidi. Tuone pesa zinavyotembea. Vifaa vya vitanda 80 ni milioni 33.6. Mishahara ya mafundi wapya kwa miezi mitatu, pamoja na michango, ni karibu milioni 7.3. Ongeza tozo nyingine nitakayoieleza hapa chini, ya karibu nusu milioni. Jumla milioni 41.4. Advansi ya asilimia 20 ni milioni 9.6. Pengo la milioni 31.8 ni lako wewe, na linabaki wazi mpaka siku 60 baada ya mzigo kupokelewa. Ikiwa mhasibu wa hoteli atakuambia hundi inasubiri sahihi ya mkurugenzi aliyesafiri, linabaki wazi zaidi.

Mwisho wa yote oda inakuachia milioni 6.6. Mkopo wa milioni 40 kwa asilimia 18, ikiwa riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua, ni rejesho la karibu milioni 2 kwa mwezi na riba ya jumla karibu milioni 7.9. Oda nzima haitoshi kulipa riba. Tena waulize benki kwa maandishi riba inahesabiwaje. Ikiwa inahesabiwa kwenye milioni 40 zote mpaka mwisho, riba inakuwa milioni 14.4 na rejesho milioni 2.27. Asilimia 18 ni ileile kwenye karatasi zote mbili.

Kaka yako atasema mashine zinabaki, na ni kweli. Lakini vinabaki pia vinywa vya kulisha. Mwezi wa nne, vitanda vimekwisha, una mafundi wanane na vijana wawili. Mishahara milioni 5, michango na tozo 700,000, pango na umeme na mengineyo milioni 1.35, wewe milioni 1, benki milioni 2. Ni milioni 10 kwa mwezi kabla hujapata senti. Katika kila mauzo yako, baada ya vifaa, hubaki karibu asilimia 46. Ili upate hizo milioni 10 lazima uuze milioni 22 kila mwezi, wakati leo unauza 14. Utazipata wapi? Kwa kawaida mtu katika hali hiyo huchukua oda nyingine kama ya hoteli, kwa bei ya chini zaidi, kwa sababu sasa hana nguvu ya kukataa. Karakana nyingi zilizokufa zikiwa zimejaa kazi zilifia hapo.

Kuna mistari miwili ya kisheria ambayo ungevuka kwa pamoja bila kujua. Wa kwanza ni idadi ya watu. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi Tanzania Bara hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Sita wako na wanne wapya ni kumi kamili. Na tozo haihesabiwi kwa huyo wa kumi peke yake, ni kwa mishahara ya wote: asilimia 3.5 ya milioni 5 ni 175,000 kila mwezi. Ukiwa na watu tisa ni sifuri.

Mstari wa pili ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na huu unauma zaidi. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa miezi 12, au nusu yake ndani ya miezi 6. Wewe uko milioni 168 kwa mwaka, ambayo tayari imekutoa kwenye mfumo wa kodi ya makadirio unaoishia milioni 100, kwa hiyo naamini vitabu unavyo. Ukiongeza milioni 48 za hoteli unafika 216. Hoteli haitaumia, kwa sababu ikiwa imesajiliwa itaidai VAT yake. Atakayeumia ni mama wa Kihonda anayenunua kitanda kimoja na hana pa kuidai.

Chukua kitanda chako cha 850,000. Ukiweka asilimia 18 juu yake kinakuwa 1,003,000 na fundi wa barabara ya pili anaendelea kuuza 850,000. Ukiamua kushikilia 850,000, ndani yake kuna VAT ya karibu 129,700. Utarudishiwa kiasi gani? Mninga uliununua kwa muuza mbao ambaye mara nyingi hajasajiliwa, kwa hiyo hapo hakuna cha kudai. Tuseme vifaa vya 150,000 tu, yaani vanishi, gundi, vyuma na msasa, vilitoka duka lenye risiti ya VAT. Utadai karibu 22,900. Unabaki kulipa 106,800 kwa kila kitanda, na kile kilichokuwa 15,000 kwa saa kinashuka kuwa 10,550. Yaani oda moja ya hoteli ingegeuza bidhaa yako nzuri kuwa sawa na meza na viti, kwa wateja wote, mwaka mzima.

Neno la tahadhari, kwa sababu kuna mtu atakushauri. Kufungua leseni ya pili kwa jina la mkeo na kugawa mauzo ya karakana ileile, au kuuza bila kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, si kubaki mdogo. Ni kukwepa kodi, na TRA wana haki ya kukusanya mauzo hayo pamoja. Njia halali ya kubaki chini ya kiwango ni kuuza chini ya kiwango.

Hoteli uijibuje? Usikatae moja kwa moja, maana huenda msimamizi wa ujenzi akakubali zaidi ya unavyodhani. Kanuni yangu ni moja kwa karakana yoyote isiyo na mtaji wa kulala: advansi lazima inunue vifaa vyote vya mzigo husika. Kwa vifaa vya 420,000, bei ya 720,000 na advansi ya asilimia 60 inakupa 432,000. Umetosheka. Kwa saa 18 zinabaki 300,000, yaani karibu 16,700 kwa saa, ambayo inashinda kitanda cha mninga. Vitanda 8 kwa mwezi ni saa 144, unaweza kuvibeba na mafundi ulionao ukisimamisha viti kwa muda. Andika hivi:

“Tunashukuru kwa kutufikiria. Karakana yetu inaweza kutengeneza vitanda 16 kwa makundi mawili ya vitanda 8, kila kundi siku 30. Bei ni shilingi 720,000 kwa kitanda. Advansi ni asilimia 60 ya kila kundi kabla ya kuanza, na salio hulipwa wakati wa kukabidhi, kabla ya kufunga. Vitanda vilivyobaki tunaweza kuwaelekeza kwa karakana nyingine mbili za hapa Morogoro zitakazofuata mchoro uleule. Mtafunga nazo mkataba wenyewe.”

Sentensi ya mwisho ni muhimu. Usipokee wewe vitanda 80 halafu ukavigawa kwa mafundi wenzako: mauzo yote yatahesabiwa kwako, na kitanda kitakacholia usiku kwa mgeni kitarudi kwako. Vitanda 16 ni milioni 11.5, mwaka wako unaishia karibu milioni 179.5. Wakikataa, hujapoteza kitu ulichokuwa nacho.

Kuna sababu nyingine ya kuhofia mzigo wa ghafla ambayo watu wa benki hawaijui: mbao mbichi. Vitanda 80 kwa miezi mitatu vinamaanisha kununua mbao zote ndani ya wiki mbili, na muuzaji atakuletea alichonacho. Ubao wa inchi moja uliopangwa vizuri kivulini, ukiwa na vijiti vya kupitisha hewa kila nusu mita, unahitaji miezi kadhaa kabla ya kuingia kwenye randa, na mnene zaidi karibu mwaka. Mninga unasamehe kidogo kwa sababu haunywei sana. Mbao nyingine, hasa za msonobari na mkaratusi zilizotoka kupasuliwa, hazisamehi. Kitanda kinakabidhiwa kikiwa kizuri, kinaingia chumba chenye kiyoyozi, baada ya miezi mitatu ulimi unalegea kwenye tundu, mfumbati unapinda na chaga zinaanza kudondoka. Kurudi kukaza vitanda 80 ndani ya vyumba vyenye wageni ni hasara ambayo haiko kwenye hesabu yoyote hapo juu. Pia mbao za asili bila alama ya nyundo na hati ya kusafirishia kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali, zinaweza kukamatwa zikiwa njiani au zikiwa kwako. Kwa oda ndogo unamjua muuzaji wako na unaona karatasi. Kwa lori tatu za haraka huoni. Wewe uko mkoa wenye Mtibwa, penye shamba la mitiki la serikali. Ukinunua mtiki kidogo kila mwezi na kuukausha mwenyewe, baada ya mwaka una akiba ambayo mshindani mwenye haraka hawezi kuinunua kwa pesa.

Haya, tuseme umebaki watu sita. Utakua kwa ndani, kwenye zile saa 332 zinazopotea kila mwezi. Ukipunguza upotevu kutoka asilimia 40 hadi 33 unapata saa 57 zaidi, na kwa 15,000 kwa saa ni 855,000 kwa mwezi bila kuajiri mtu. Upotevu mwingi unatoka sehemu tatu. Usafiri: peleka samani siku mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi, na kijana mmoja ajifunze kufunga kitanda ili fundi asitoke. Ukataji: kabla ya ubao kuguswa, fundi awe na karatasi yenye orodha ya vipande, urefu, upana na unene, vya samani yote, maana akikata kipande kimoja kimoja kadiri anavyohitaji, mashine inapangwa upya mara kumi kwa siku. Umaliziaji: vanishi ipigwe kwa samani mbili au tatu pamoja, asubuhi, kabla ya msumeno kurusha vumbi. Vanishi ikiingia vumbi inapigwa msasa upya, na hapo saa tatu zimekwenda. Tengeneza vigezo vya plaiwudi, yaani vipande vya kufuatisha wakati wa kuchora na kukata, vya tendegu na kichwa cha kitanda kwa mitindo mitano unayouza sana. Mitindo mitano inatosha. Mteja anayekuja na picha ya simu atengenezewe, lakini kwa bei ya asilimia 25 zaidi.

Halafu foleni. Usiuze saa zote 500. Pokea kazi za saa 425, zilizobaki ni za mota kuungua na umeme kukatika. Andika ubaoni, mbele ya wateja, kila oda na saa zake na tarehe ya kukabidhi. Foleni ikizidi wiki sita mfululizo, dawa yake ni bei, kabla hujafikiria kuajiri. Pandisha kitanda kutoka 850,000 hadi 935,000, asilimia 10. Kinachobaki kwa kila kitanda kinatoka 360,000 kwenda 445,000. Unaweza kupoteza wateja 19 katika kila 100 na pesa ikabaki ileile, tena kwa kazi pungufu. Watu huogopa kupandisha bei kwa sababu wanamkumbuka yule mmoja aliyeondoka akisonya.

Meza na viti: achana na kutengeneza viti. Mpe fundi wa jirani anayevifanya kila siku, nunua kwake vikiwa vyeupe, wewe maliza vanishi na uuze na meza yako. Saa 68 zinashuka hadi 22 au 25.

Sasa mambo ambayo udogo wenyewe unayaleta, na haya ndiyo yanayodumaza. Fundi wako bora hana cheo cha kupanda. Akifika miaka mitatu atafungua chake mita mia mbili kutoka kwako na atachukua namba za wateja. Huwezi kumzuia kwa mkataba, unaweza kumfanya asione faida ya kuondoka. Kila mwezi ambao kinachobaki baada ya vifaa kinazidi milioni 5.6, gawa asilimia 15 ya ziada hiyo kwa mafundi, kwa hesabu wanayoiona ubaoni. Ukibaki na milioni 6.44 kama sasa, ziada ni 840,000 na mgao ni 126,000. Si nyingi. Ikifika milioni 7.3 kwa zile saa 57, mgao unakuwa 255,000, na hapo fundi mwenyewe ndiye atakayemkemea kijana aliyekata ubao vibaya.

Mashine: kama zilizopo zina thamani ya milioni 18 na utazitumia miaka minane, weka 187,500 kila mwezi kwenye akaunti ambayo haina kadi. Akiba ya dharura ni miezi mitatu ya zile gharama za lazima, milioni 15.3. Kwa ziada ya milioni 1.34 uliyo nayo sasa kabla ya kodi ya mapato, hutaijaza mwaka huu. Ijaze kwa miaka miwili, na ikijaa utaweza kununua mashine moja kwa fedha yako, bila kumwona meneja wa benki.

Hatari nyingine ni wewe. Ukiugua wiki tatu, nani anapima jiko la mteja? Mfundishe fundi mmoja kupima, kuchora na kutoa bei kwa kutumia jedwali la saa. Bila jedwali atakisia bei kwa kumwangalia mteja viatu.

Kuna hali ambazo ningekwambia ukue. Ikiwa kwa miezi sita mfululizo unakataa kazi za zaidi ya 15,000 kwa saa zinazozidi saa 125 kwa mwezi, hizo ni saa za fundi mmoja mzima, ajiri mmoja. Umebaki na nafasi ya watatu kabla ya kufika kumi. Ikiwa zaidi ya theluthi ya mauzo yako inatoka kwa mteja mmoja, tafuta wengine hata kama ni kwa kuongeza ukubwa kidogo. Na ikiwa samani za mbao za unga kutoka China zinakula soko lako la vitanda, udogo hautakuokoa; hamia kwenye makabati ya jikoni, ambayo lazima yapimwe ukutani na hayaji kwenye boksi.

Mwisho ni jambo la kupangia sasa hivi. Hata ukibaki na watu haohao, bei zikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka kufuata mbao na mishahara, milioni 168 zinakuwa 181, kisha 196, na mwaka wa tatu 212. Utavuka kiwango cha VAT bila kuongeza hata kitanda kimoja, isipokuwa serikali ipandishe kiwango tena. Njia ya halali ya kusogeza siku hiyo ni kazi ya ufundi tu: kwa makabati ya jikoni, mteja anunue mbao na vyuma mwenyewe, risiti zitoke kwa jina lake, pesa isipite mkononi mwako. Mauzo yako kwenye kazi ya 2,800,000 yanakuwa 1,220,000 na kinachobaki kwa saa hakibadiliki. Nenda naye kuchagua mbao, vinginevyo atakuletea mbichi na lawama zitakuwa zako. Muda wa kwenda kununua uutoze malipo. Makabati mawili kwa mwezi kwa mtindo huo yanatoa karibu milioni 38 kwenye mauzo ya mwaka. Anza na mteja mmoja mmoja mwaka ujao, na kila Desemba keti na mhasibu uone miezi sita iliyopita ilifika wapi dhidi ya milioni 100.